Taa Nyekundu

Siku ya nne, taa bado nyekundu.
Nimelipa tarehe mosi, risiti ninayo.
Nimepiga simu, nikapigiwa muziki nusu saa,
kisha kijana mwenye sauti ya asali akanambia:
zima, hesabu hadi thelathini, washa.
Nimezima. Nimehesabu. Nimewasha.
Lingekuwa jiko, wali ungekwisha iva.

Hapa Ganjoni, ghorofa ya tatu,
kila mtu ana rai yake, na rai haitozwi kodi.

Shebe wa chini, auzaye vioo vya magari,
asema kampuni yatubana makusudi
ili tupande kifurushi cha juu.
Na hili joto? Joto, asema, laletwa na vioo
vya majumba mapya ya Nyali:
jua lapiga kule, larudi kwetu.
Vioo vyake yeye havimo katika hesabu.

Mama Kerubo naye:
"Wanasayansi! Juzi mayai sumu, jana mayai dawa.
Yai limewashinda, niwaamini kwa bahari?"
Nikacheka. Nilicheka kwa kuwa sikuwa na jibu,
na kwa kuwa alikuwa amenishikia sahani ya viazi karai.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nina daftari.
Miaka kumi na mmoja sasa, kidato cha pili
hupanda darini mwa shule saa nane mchana
kusoma kipimajoto kilichofungwa kwa katani
kivulini mwa tangi la maji.
Mwaka wa tano kunguru walikiangusha.
Kurasa zile ziko tupu; sikuzijaza kwa kukisia.
Sina shahada ya hali ya hewa. Nina penseli,
na Februari nilizozipanga foleni,
na ya mwisho yaizidi ya kwanza
kwa kiasi ambacho mkononi ungekipuuza,
lakini si usiku, ugeuzapo mto
kutafuta upande wa baridi
ukakuta hakuna upande.

Alasiri akaja Nyamawi, fundi wa kampuni,
ngazi begani, shati limegandana na mgongo.
Akapanda nguzo, akafungua kisanduku,
akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria.
"Kimechemka, mwalimu.
Hivi vilitengenezewa watu wa baridi."
Akashuka, akanywa bilauri tatu za maji,
akanieleza kwamba mtandao hauji kutoka mawinguni
kama watu wanavyoonyesha kwa kidole.
Waja chini ya bahari, waya uliolala mchangani
gizani, samaki wakiupita bila habari
kwamba ndani yake mna ugomvi wetu wote.
Nikamwuliza: na bahari ikizidi joto?
Akafikiri. Akafuta mdomo.
"Hiyo si idara yangu."

Nililiandika neno hilo pambizoni mwa daftari.
Tangu hapo nalisikia kila mahali.

Usiku wa manane mvua ikaja bila hodi,
si msimu wake, ikatwanga mabati ya jirani.
Nguo zangu ziko darini, sare za wiki nzima.
Nikapanda na kanga kichwani, nikashuka na mzigo
uliokuwa mzito kuliko nilivyouanika,
na pale ngazini, shuka mkononi nikiikamua,
nikaona mlangoni pangu kijani.

Simu ikatetemeka kama debe la njugu:
harusi ya Lamu iliyokwisha liwa,
jino la kwanza la mtoto wa binamu,
kampuni ikinishukuru kwa uvumilivu
ambao sikumbuki kuutoa,
na mkiani kabisa, imechelewa saa thelathini,
taarifa ya watu wa hali ya hewa:
mvua kubwa yatarajiwa, Pwani, usiku wa Alhamisi.

Nikaitazama ndoo.
Alhamisi ilikuwa ndiyo hii, yanidondoka viwikoni.

Kumbe wale wa mayai walisema,
na walisema mapema.

Kukicha nitamrudishia Mama Kerubo sahani yake.
Sahani hairudi tupu kwetu.
Nitaweka yai moja la kuchemsha,
na chumvi kidogo kwenye karatasi,
wala sitatamka neno.