Mama Mdogo

Fomu ya shule ilikuwa na mistari miwili: baba, mama.
Ukaandika Elirehema kwa penseli, kwa adabu,
kisha kwenye mstari wangu ukatubana wawili,
mimi na Nakijwa, herufi zimepandana
kama kuku kwenye tenga.
Mwalimu akaniita Jumatatu.
Nikamwambia, huyo ni mama yake mdogo.
Akafuta. Akagonga muhuri.

Mama mdogo: neno limetusitiri miaka tisa,
shuka fupi;
ukivuta juu, miguu inabaki nje.

Aikande, nikuambie kabla hujaambiwa Kiborloni.
Baba yako hakunikosea.
Mimi ndiye niliyekuwepo bila kuwepo,
nikapika, nikafua, nikalala nimeelekea ukutani
kama mtu aliyekaa foleni nusu siku
akagundua dirisha silo.
Nilitoka kwake na wewe tumboni, miezi mitano,
na cherehani kichwani.

Nakijwa alileta gauni la kipaimara, la mdogo wake, lipunguzwe.
Mpare wa Gonja, mtani wangu wa kuzaliwa.
“Mchaga, kitambaa kikipungua nakudai!”
“Mpare, utanishitaki kwa uzi mmoja!”
Kibaraza kizima cha Majengo kikacheka.
Utani ulikuwa mlango wa uani.
Tuliingia tukicheka,
na tulipofika ndani hakuna aliyejua la kusema.

Shuleni walitufundisha: mwanamume huoa,
mwanamke huolewa.
Hapakuwa na kitenzi chetu.
Tukaokota kile kipande cha mwishoni, kile *-ana*,
tukakishonea popote kiliposhika:
ngojana, fichana, pakana mafuta,
nuniana siku tatu kwa ajili ya bei ya mkaa.

Jirani akasema, pafukapo moshi pana moto.
Nikamjibu, mama, mji wote huu unaitwa Moshi,
tumzime nani?
Nilicheka mpaka nilipofunga mlango.

Uzazi wa kwetu ni miezi mitatu ya kulishwa na mkwe.
Mkwe sikuwa naye.
Nakijwa akaenda kuuliza mtori unapikwaje,
akauunguza mara mbili,
wa tatu ukakubali, wenye mabonge.
Alinikanda kwa maji ya moto, mikono yake ikitetemeka
kuliko mgongo wangu.
Wapare hamjui ndizi, nilimwambia,
machozi yakidondokea bakulini.
Akasema, kula, chumvi ilikuwa haitoshi.

Krismasi iliyopita tulipanda Kirua, sote watatu.
Mjomba wako Ndekirwa akachinja.
Unajua kwetu nyama haigawanywi tu, inasomwa;
kila pande lina jina la mtu,
na asiye na pande ni mgeni, anywe supu aende.
Nakijwa alikuwa jikoni
akisugua sufuria zilizokwisha kuwa safi.
Bibi yako hakusema kitu. Hajawahi kusema kitu.
Akachukua pande lake, la mama wa nyumba,
akalikata kwa kile kisu butu cha kumenyea ndizi,
ikachukua muda, wanaume wakimtazama,
akaifunga nusu kwenye jani la mgomba.
“Mpe aliyekanda.”
Jina hakutaja. Mimi hakunitazama.

Haikuwa baraka, usije ukaisimulia hivyo.
Asubuhi alikataa kupokea mkono wa Nakijwa,
akasema ana unga viganjani,
na kweli alikuwa na unga.
Lakini ile nyama tuliila usiku ule ule, ya baridi,
mafuta yameganda kama nta,
wewe umelala katikati yetu, mdomo wazi,
Nakijwa akitafuna polepole
kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili.

Fomu ya darasa la tano iko mezani.
Ina mistari ile ile miwili.
Nimechonga penseli, nimeiweka pembeni.
Nakijwa anazunguka nyumba nzima
akitafuta miwani, akitafuta kalamu ya wino.