Haki ya Kujitoa

Kurasa nne, kwa Kiswahili cha kanisani.
Nasimiyu alinisomea polepole, kalamu ikifuata mstari,
kwenye benchi la kliniki, Mukuru, asubuhi yenye baridi.
Damu vijiko viwili. Mkojo.
Kipimo cha moshi begani siku tatu, hata nikipika.
Kisha: "Una haki ya kujitoa wakati wowote
bila kutoa sababu."
Nikamwambia, rudia hapo.
Akarudia.

Mwenye nyumba hajawahi kuniandikia hivyo.
Wala baba Mumo. Wala tumbo lenyewe,
mwezi wa saba, likinipiga mateke ya mbavu.
Nikatia sahihi.

Usiku kile kidude kilivuma kama nzi ndani ya chupa.
Mama Kwamboka akasema ukutani: wanauza damu, utaona.
Nilichoona ni mia tano ya nauli,
na mtu aliyeniuliza nalala saa ngapi
akaliandika jibu.

Mumo alizaliwa kilo mbili na robo tatu.
Kichwa, mkono, urefu; kila miezi mitatu
alilia palepale, juu ya ubao wa kupimia.

Mara moja sikwenda. Niliijaribu tu ile haki,
nikakaa kitandani nikiitazama saa.
Nasimiyu akapiga simu: "Mko salama?"
Sababu hakuuliza.
Kesho yake nilifika kabla mlango haujafunguliwa.

Matokeo, wanasema, yatawafaa watoto wa kesho.
Wangu ni wa leo. Anakohoa.
Namba mia nne kumi na saba,
wanaita,
nainuka naye.