Kucha Fupi

Umeniuliza kwa simu, Eldiyar, kama udaktari ni mgumu,
na simu ikakatika kabla sijapata la kusema.
Huku Naryn ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nimekaa chumba cha zamu, miguu juu ya bomba la joto,
kando ya soksi za muuguzi Burulkan zinazokauka.
Nina dakika ishirini, labda. Basi sikiliza.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa majina.
Kifundo cha mkono kina mifupa minane.
Usiku bwenini niliipapasa mmoja mmoja chini ya blanketi:
huu umepewa jina la mashua, huu la mwezi,
na huu mdogo, la punje ya njegere.
Nikawaza, walioipa majina walikuwa na njaa
au walikuwa mbali na kwao.

Siku ya mtihani walinifunga kitambaa machoni,
profesa akanitilia mfupa kiganjani.
Nikacheka. Akauliza, unacheka nini?
Ulikuwa ule ule, Eldiyar, wa mguu wa kondoo,
tuliourusha mimi nawe vumbini nyuma ya zizi,
ukinishinda kila mara kwa wizi wako.
Wa mtu ni mkubwa kidogo,
lakini mgongo wake ni ule, bonde lake ni lile.
Nikautaja. Sikumwambia
kwamba mkono ndio uliojua, si mimi.

Ada unajua ilitoka wapi.
Baba hajalitaja jina la yule farasi
tangu ashuke naye mnadani
akarudi kwa miguu, hatamu begani.
Ipo bado msumarini, ukipita mlangoni inakugusa sikio.
Sikuambii haya ili ulie. Nakutajia bei.

Kulikuwa na mzee Asankul, kitanda cha nne, moyo umechoka.
Nilimpima asubuhi. Nikasikiliza mapafu,
nikaandika yote kwa mwandiko safi.
Burulkan akafunua blanketi upande wa miguuni,
akabonyeza muundi kwa kidole gumba,
shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.
Akanitazama. Hakusema neno.
Nilikuwa nimempima mtu nusu.

Tukampa dawa ya kutoa maji,
usiku ule akalala chali, mara ya kwanza baada ya wiki mbili,
akiringa kama aliyefunguliwa jela.

Kesho yake jioni akaniita. Nikadhani ni kifua.
"Binti wa nani wewe?"
Nikamtajia baba, na babu, na baba zao hadi wa saba,
kama tulivyofundishwa.
Kwa wa nne akainua kidole:
"Huyo nimesikia habari zake. Mwizi wa farasi."
Kisha, taratibu: "Basi, kizazi cha mwizi, nikate kucha za miguu.
Kuinama siwezi tangu mwaka juzi.
Wanangu wako Moscow, na jirani naona haya kumwomba."

Sijakuta kitabu chenye sura hiyo.
Niliroweka miguu yake katika beseni.
Kucha zilikuwa nene kama pembe, mkasi ukagoma,
nikaazima koleo kwa fundi wa boila.
Ilichukua saa nzima.
Wagonjwa wawili walinilaumu kwa kuchelewa, na haki walikuwa nayo.

Alifariki Alhamisi alfajiri, si mikononi mwangu.
Nilikuwa chumba cha pili nikishona mdomo wa mlevi.
Niliporudi, shuka zilikwisha kunjwa,
daftari liko wazi linaningoja niandike saa.
Nikaandika saa.
Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Burulkan amekuja kuchukua soksi zake; kuna mtu mlangoni.
Mgumu? Ndiyo. Lakini sidhani ulikuwa unauliza hilo.
Ukija, kata kucha,
zako wewe: ndefu humuumiza mgonjwa unapombonyeza tumbo.
Na ule mfupa, kama hujaupoteza,
niletee.