Safu ya Viti Vitupu

Fomu ya halmashauri ina safu nyingi.
Mimi naijua moja: viti vitupu.
Jumanne, stendi ya Kilombero hadi Engaruka,
nimeandika thelathini na moja.
Kwa kila kimoja ruzuku inanunua dizeli
basi lisipate sababu ya kulala.

Tajiri aliyetangulia alihesabu vichwa.
Vilipopungua, magari akayageuzia Moshi,
kwenye lami na abiria wa kugombaniwa,
nako Engaruka kukabaki vumbi na makorongo.
Mwaka ule Naishiye alishikwa na uchungu usiku,
wakampakata kwenye pikipiki.
Hapo huwa naishia.

Leo mkaguzi amepanda, kalamu sikioni,
shati jeupe lishakuwa rangi ya barabara.
"Kondakta, fedha ya umma inasafirisha hewa?"
Nikamwonyesha kiti cha nane, dirishani.
Jumanne ijayo ni cha Nosikito,
mdogo wake Naishiye, mimba ya miezi saba,
ana kliniki mjini.
Leo kinakwenda kitupu
ili siku hiyo kiwepo.

Akaandika kitu, sikukiona.
Tulipofika, akatazama huku na huku,
hakuna gari, hakuna hata pikipiki,
akaniuliza, sauti chini kidogo:
"Mnarudi saa ngapi?"