Baridi ya Chini

Kitambaa nilikipata Kibuye, Jumapili,
chini ya rundo la makoti ya mitumba:
kitambaa cha parachuti, rangi ya parachichi lililoiva kupita kiasi.
Nikasema nataka machela ya kulalia msituni.
Fundi Obonyo alikivuta kwa meno, akakinusa.
"Hiki kitakubeba wewe na madeni yako."
Akapiga mishono mitatu kila upande. Mia mbili.

Kamba za katani nilizikataa,
hunyonya mvua kama ndama.
Nikachukua mikanda ya kufungia mizigo ya malori,
mipana kama kiganja, isichubue mti,
kwa kuwa msituni Kakamega mti una mwenyewe,
na mwenyewe ni Shivachi, askari wa msitu,
anayepapasa magome kila asubuhi kama daktari.

Ndiye aliyenifunza: ukifuata kamba utapinda kama ndizi,
lala mshazari, mgongo unyooke.
Turubai lishuke mpaka mvua ya upande ikate tamaa.
Na kwenye kila mkanda, karibu na kichwa, funga uzi,
maji yakija yakiteleza yashukie hapo,
yaende zake kabla hayajakufikia.
Uzi tu. Ule wa kushonea viatu.

Januari sikuhitaji kitu ila chandarua.
Aprili, turubai.
Lakini Julai,
Julai nilijifunika mablanketi mawili na kofia ya sufu,
na saa tisa usiku kifua kilikuwa jasho,
mgongo kaburi.
Shivachi alicheka mpaka tochi ikatikisika.
"Baridi ya machela haishuki mbinguni, dada.
Inapita huku chini.
Na blanketi ukililalia, pumzi yote hulitoka."

Machela.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
walipomshusha mama kutoka milima ya Maragoli,
wanaume wanne, magunia mawili, miti miwili,
kupita kwenye mawe, alfajiri, umande,
kwenda barabarani lilikosimama gari.
Tulimfunika kwa kila tulichokuwa nacho,
leso, koti la baba, hata kitambaa cha meza.
Naye akisema, mgongo.
Mgongo.
Tukamwongezea juu.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kibuye
na mfuko wa sufi niliyoitoa kwenye mito ya zamani.
Nikamweleza Obonyo: mfarishi, lakini wa nje,
uning'inie chini ya machela,
uiguse bila kubanwa, kama mkono chini ya mtoto mchanga.
Hakuuliza kwa nini. Aliuliza vipimo.
Nilinyoosha mikono nikampa,
na nilipoulalia ndipo nilipojua nilikuwa nimempa vya mtu mwingine,
mfupi kunipita.

Mgongo una joto sasa, hata Julai.
Miguuni haufiki.
Navaa soksi.