Sogea Kulia

Fomu nimeletewa na Nyanzala wa ofisi ya utamaduni,
karatasi moja, pande mbili.
Jina, nimejaza. Umri, nimejaza, nikajipunguzia mwaka.
Kisha swali la tano:
Eleza mtindo wako wa kupiga picha.
Chini yake mistari mitatu ya nukta,
sisimizi kwenye foleni
wakisubiri niwatwike mzigo.

Miaka kumi na tisa hapa Isevya,
katikati ya fundi cherehani na duka la asali,
sijaulizwa swali hilo.
Nimeulizwa, zitakuwa tayari lini?
Nimeulizwa, mbona umeninenepesha?
Mama Kapembe aliuliza mbona ukoo mzima umekuwa wa njano.
Nikamwambia ni wino, na kweli ulikuwa wino,
bluu ilikwisha, nyingine ilikuwa bado njiani.

Nikaandika: Napenda mwanga wa asili.
Nikakata. Umeme wetu ukishaondoka, nani asiyeupenda?
Nikaandika: Picha zangu zinasimulia hadithi.
Nikaisoma kwa sauti.
Cherehani ya jirani ikanyamaza.
Nikaona haya, nikakata mara mbili.

Basi nikafunga duka saa tisa mchana,
nikashusha makasha toka juu ya kabati,
nikatandaza picha sakafuni, ukuta hadi ukuta,
nikapanda kiti nizitazame
kama mtu anayemtafuta mbuzi wake
katika kundi la jirani.

Harusi ya Gongoni, bibi harusi ameshika kiatu mkononi.
Mafundi wa karakana ya reli, grisi hadi viwikoni.
Bwana Sizya na baiskeli mpya,
tandiko bado lina nailoni yake.
Warina asali wa Sikonge, moshi umewatangulia.
Wote, jamani,
wote wameelemea kulia.
Kushoto pako wazi:
kipande cha ukuta, kipande cha vumbi,
mlango usio na mtu.

Nikashuka. Magoti hayakupunguza mwaka.

Kamera ya kwanza nilinunua kwa Mihayo, ya mtumba,
kioo cha kuchungulia kimepasuka upande wa kushoto,
ufa kama unyayo wa kuku.
Mtu akisimama pale simwoni,
kwa hiyo nilimhamisha:
sogea kulia, kidogo tena, hapo hapo.
Kamera ile ilikufa mwaka wa mvua nyingi.
Nimeshika tatu baada yake, zote vioo vizima,
na bado nasema sogea.

Ndio huo, basi?
Mwiba ulitoka zamani,
mguu ukaendelea kuukwepa,
na sasa watu wananitambua kwa mbali
kwa ninavyotembea.

Najua watakachopenda kusikia.
Kuna Kabula wa Chemchem, alikuja na wanawe wawili
wiki ya arobaini ya mumewe.
Picha ilipotoka aliweka kidole kushoto, palipo patupu,
akasema, "Asante kwa kumwachia nafasi."
Sikumwachia.
Nilikuwa nakwepa ufa ambao haukuwepo.
Nilipokea asante, nikapokea na pesa,
mpaka leo sijamwambia.
Hilo nalo liingie kwenye nukta?

Saa moja jioni kijana akagonga:
picha za pasipoti, haraka, basi la Mpanda ni alfajiri.
Nikamweka katikati, mabega sawa,
masikio yote mawili nje, asicheke, kama sheria itakavyo.
Nne, elfu tano.
Katika hizo simo kabisa,
nazo ndizo zinazonunua unga.

Alipoondoka nikashika kalamu:
Huwa nawaambia watu wasogee kulia.
Sababu yake ilikuwa kioo. Sasa sijui.
Nikakunja, nisije nikakata tena.

Asubuhi Nyanzala aliisoma akiwa amesimama,
hakusema nzuri, hakusema mbaya.
Aliuliza tu
mbona kila mstari nimeuanzia katikati.