Damu ya Njano

Etelka Barczay alikaa dirishani,
mimi meza ya pili, karibu na bomba la mvuke
lililokohoa tangu Novemba hadi Machi.
Bridgeport, Connecticut. Theluji ya barabarani
imechakaa kama pamba iliyofuta kidonda.
Kazi yetu kugawa rangi:
plastiki angavu tatu kwa kila ukurasa,
ya njano, ya wekundu, ya buluu,
na sisi, wanawake kumi na wanne wa zamu ya asubuhi,
tukipaka wino mzito
popote wanaume wa New York walipoandika namba.

Ngozi ina namba yake. Anga ina yake.
Uchawi ulikuwa zambarau siku zote,
nusu wekundu, nusu buluu,
na zambarau huumiza macho kuliko rangi zote
maana unaipaka mara mbili.

Tulimjua Orvanta kabla watoto hawajamjua.
Miezi miwili kabla hajafika dukani
tulishajua atapoteza nini.
Toleo la tisa alizima moto wa jiji zima:
nywele zikaingia mvi.
La kumi na nne akawaita wafu wa mtoni:
akasahau jina la mama yake.
La ishirini alisimamisha saa za dunia,
na mimba ikatoka kurasa mbili baadaye,
katika kijisanduku kidogo, chini, kushoto,
pale ambapo kwa kawaida hukaa tangazo la baiskeli.

Kapteni wa joho la kijani anaruka bure.
Upepo haumwandikii deni.
Hata yule mlozi mzee wa mnarani
alilipa kwa ndevu,
na zilimpendeza.

Mganga hajigangi, watu husema.
Hawasemi ni nani aliyemtuma porini usiku.

"Bili yake huandikwa na nani?"
Etelka aliniuliza siku moja bila kuinua kichwa.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Mumewe alikuwa amelazwa wiki ya sita,
kidole chake cha shahada kimeanza kugoma kukunjika,
na tulilipwa kwa ukurasa, si kwa saa.

Kisha likaja toleo la thelathini na moja.
Orvanta anainua daraja lililovunjika,
basi la shule juu yake, watoto vioo vyote,
na damu inamtoka puani, masikioni, machoni,
ukurasa mzima, bila neno hata moja.
Namba zilisema: njano mia, wekundu mia.
Etelka akapaka njano.
Plastiki ya wekundu akaiweka juu ya rundo
ikiwa safi mahali pale, safi kama kioo cha kanisa lao
siku ya Jumamosi.
Niliona. Aliona kwamba nimeona.
Msimamizi alipouliza, baada ya kuchapwa laki na zaidi,
alisema, "Taa ilikuwa mbovu,"
na kweli, taa ilikuwa mbovu.

Wakamkata malipo ya kurasa nne.

Lakini barua zilianza kumiminika huko New York:
mbona damu yake ni ya njano?
Ni dhahabu? Ni jua? Ni asali?
Msichana mmoja wa Duluth alituma mchoro,
Orvanta amesimama kwenye lundo la sarafu, anatabasamu.
Mwandishi, aliyekuwa hajui chochote,
ilimbidi ajue.

Toleo la thelathini na tano, karatasi za namba zikafika,
na pambizoni maelezo kwa kalamu:
*deni lililipwa zamani na wanawake wa ukoo wake;
tangu sasa uchawi ndio unaodaiwa.*
Nywele: rangi ya awali.

Etelka alisoma, miwani imeshuka puani,
akasoma tena.
"Basi wamemrudishia chenji," akasema.
Kisha akanisogezea chupa ya wino mweusi
nimfungulie kifuniko.